Faili Liko Juu

Mdogo wangu alifungwa kwa haki. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya ndugu aliyekuwa gerezani wakati wa Zaire, mara moja wanamtengeneza shujaa, na mdogo wangu hakuwa shujaa. Alimpasulia mtu chupa ya bia kichwani katika baa moja ya mtaa wa Tshopo, hapa Kisangani, kwa neno ambalo baadaye hata yeye mwenyewe hakulikumbuka vizuri. Mtu yule alishonwa, akapona, akaenda mahakamani na bandeji yake nyeupe, na mdogo wangu akapewa miaka miwili. Nililia kama dada anavyolia, lakini sikusema ameonewa. Hasira yake niliijua tangu utotoni. Ni hasira ya nyumbani kwetu, hata mimi ninayo, ila mimi niliipeleka darasani nikaimalizia kwa watoto wa mwaka wa nne.

Kesi ninayotaka kuisimulia ni nyingine, ile iliyozaliwa ndani ya kifungo.

Wafungwa wa siku zile walikula kile walicholetewa na ndugu zao. Serikali ilitoa mahindi na maharagwe siku ilipokumbuka. Kwa hiyo siku ya kupeleka chakula nilitoka shuleni mbio, nikapitia nyumbani kuchukua sufuria: lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri, pondu ya majani ya muhogo, na samaki waliovuliwa na papa, baba yetu. Sisi ni watu wa maporomoko. Papa alikuwa na nafasi yake ya mitego pale penye mawe, aliyoirithi kwa baba yake, na samaki hawakukosekana nyumbani hata mwezi ambao mshahara wa walimu ulikosekana, na miezi ya namna hiyo ilikuwa mingi. Mlinzi wa mlangoni alifunua sufuria, akachagua kwa vidole, akala amesimama. Nilijifunza kumwekea kipande chake juu kabisa, cha upande wa mkia, chenye miiba. Hakuwahi kulalamika.

Siku moja mdogo wangu alitoka ameegemea mabega ya mfungwa mwenzake. Walikuwa wamepelekwa msituni kukata miti ya kujengea uzio, gogo likateleza, likamwangukia mguu wa kulia chini ya goti. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vipande viwili vya mbao ya sanduku. Umevimba, umepinda kwa upande, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu mifupa angesema kwamba mguu wa binadamu hauelekei huko.

"Banasema najifanya, yaya," aliniambia, kama alivyozoea kuniita mimi dada yake mkubwa. "Infirmier ya gereza alinipa aspirine tu."

Akacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko kama angelia.

Kwa mtu mwingine mguu ni wa kutembelea tu. Kwa mtu wa maporomoko mguu ni kazi. Mitego yetu ni vikapu vikubwa vinavyoning'inia kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma, na mvuvi anaipanda miti hiyo kwa miguu mitupu, anasimama juu ya gogo lililolowa, anavuta kamba, anainua kikapu kizito kuliko yeye mwenyewe. Nafasi ya papa ingekuwa ya mdogo wangu, mwanawe wa kiume wa pekee. Mguu ukipona hivyo hivyo umepinda, hatapanda tena, na nafasi itakwenda kwa watoto wa baba mdogo. Papa alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Hakulisema, lakini aliacha kula jioni.

Alimleta mzee mmoja wa kwetu anayejua kunyoosha mifupa, mtu aliyewatibu wavuvi walioanguka kwenye mawe miaka na miaka. Wakarudishwa mlangoni. Papa akaomba kumwona mkuu wa gereza, nikaenda naye. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mwenye adabu, abakosi yake, lile koti la chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi, na alitupa viti.

"Papa, daktari ya inje anaingia na amri," alisema. "Mufungwa anatoka na amri. Bon, mulete amri, miye niko tayari."

"Amri ya nani?" niliuliza.

"Ya jaji, mama. Nani mwingine?"

Ndivyo tulivyofika kwa wakili. Alikuwa kijana wa kutoka upande wa Kindu, Mwislamu, mwembamba, mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko, na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alisikiliza habari yote bila kuandika kitu, kisha akasema, kwa Kifaransa, tutaishtaki Serikali. Papa aliniangalia kuhakikisha kwamba nilikuwa nimefasiri vizuri.

Kuishtaki Serikali siku zile ilikuwa kama kuishtaki mvua. Mkuu wangu wa shule aliposikia aliniuliza kwa upole kama nimechoka kazi. Kila asubuhi niliwapanga watoto mbele ya bendera, nikawaimbisha nyimbo za chama na kuwachezesha viuno kwa heshima ya Kiongozi, na mchana nikaenda kwa wakili kutafuta namna ya kuiburuta bendera hiyo hiyo mahakamani. Sikuona ajabu yoyote. Watu wengi tuliishi hivyo, asubuhi hivi, mchana vile.

Wakili alinieleza kwamba ndani ya kesi moja tutaomba mambo mawili. Jambo kubwa ni fidia, na hilo litachukua muda wake. Jambo dogo ni kwamba mahakama itoe amri sasa hivi, kabla ya kuamua nani ana kosa, mfungwa apelekwe hospitali aonwe na daktari.

"Maître, miye nataka ile ndogo," nilimwambia. "Ile kubwa mukule nayo na Serikali."

Alicheka, akasema ndiyo, hata yeye anaanza na ile ndogo.

Siku ya kikao papa alivaa abakosi aliyoazima kwa mwalimu wa kwaya, mikono yake mirefu hata vidole havikuonekana. Mambo yote yalikwenda kwa Kifaransa. Nilikaa karibu naye nikimnong'oneza. Mdogo wangu hakuletwa, kwa sababu gari la gereza halikuwa na mafuta. Wakili wetu alisimama akaueleza mguu vizuri hata mtu mmoja nyuma yetu akaguna kwa huruma. Wakili wa Serikali akasema hajapata nafasi ya kuandaa majibu, anaomba muda. Jaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa maneno machache. Aliandika kwa muda, kisha akasoma: ombi la daktari linaunganishwa na shauri lenyewe, Serikali ijibu, wote warudi mwezi ujao. Akalifunga faili, akataja kesi inayofuata.

"Anasema je?" papa aliuliza.

"Anasema maneno ya daktari ataiangalia pamoja na kesi yote. Turudi mwezi ingine."

"Ni kusema anakatala."

"Hapana kukatala, papa. Bado hajakubali."

Papa akakaa vizuri kwenye benchi, akaiweka mikono yake juu ya magoti. Wakili alikuwa ameshafika mlangoni. Watu wa kesi nyingine waliingia, wakatubana. Nikamgusa papa bega, hakuinuka.

Hapo niliielewa shida. Kwetu, wazee wanapokata shauri la nafasi za mitego, anayeinuka na kwenda nyumbani amekubali. Asiyekubali anabaki pale pale alipokaa, haongei, hatukani, anakaa tu, na wazee wakimwona amekaa wanajua kwamba shauri hilo linapelekwa kwa mkubwa wao, tena siku hiyo hiyo. Ukienda nyumbani ukalala, ukarudi kesho unalalamika, wanakucheka: watasema mke wako amekufundisha usiku. Papa mwenyewe aliwahi kukaa chini namna hiyo kabla sijazaliwa, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na nafasi yetu ilibaki kwetu kwa sababu hiyo. Yeye alisema ilibaki kwa sababu ya matako yake. Sasa alikuwa anaitumia silaha ileile mbele ya jaji mwenye miwani ya uzi, ambaye hakujua kwamba kuna mtu anapigana naye.

Karani alikuja kutuomba tuwapishe watu. Wakili akarudi mbio. Tukampeleka papa kwenye korido, na alikubali kutoka pale tu nilipomwapia kwamba kutoka chumbani siyo kukubali.

"Tupande juu leo," alimwambia wakili. "Kwa jaji mukubwa."

Wakili alieleza kwa subira, kwa Kiswahili cha kwao Maniema, na pale kilipokwama nilimsaidia. Alisema jaji hajaamua kitu. Huu ni uamuzi wa kati, wa njiani. Sheria inasema rufaa ya uamuzi wa njiani inangoja hukumu ya mwisho, ziende zote mbili pamoja, kwa sababu bila hivyo watu watakimbilia mahakama ya juu kila jaji wa chini anapopiga chafya, na hakuna kesi hata moja itakayofika mwisho. Akaongeza jambo lingine: tukikata rufaa leo, faili litapelekwa juu pamoja na rufaa. Liko moja tu. Huku chini jaji hatabaki na karatasi ya kuendeshea kesi.

Nilimrudia papa yote hayo kwa maneno ya kwetu, neno kwa neno, hata habari ya chafya.

"Faili ipande," papa alisema. "Jaji mukubwa ataisoma. Maître, mufupa haingoje tarehe ya majaji. Leo iko laini. Mwezi ikipita, haiko laini tena."

Wakili alitazama dirisha, akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwamba kusema kweli iko njia moja nyembamba. Kama uamuzi wa njiani unaleta hasara ambayo hukumu ya mwisho haitaweza kuirekebisha, mtu anaweza kujaribu kuwaambia majaji wa juu kwamba uamuzi huo si wa njiani, ni wa mwisho uliovaa nguo za njiani. Niliona macho yake yamewaka alipokuwa anasema hivyo. Papa alimsukuma, ni kweli, lakini mlango huo aliufungua mwenyewe.

Mimi nilikuwa upande wa papa. Nililiona tayari gari la gereza lisilo na mafuta, na wakili wa Serikali akiomba muda tena na tena. Mtu yeyote aliyeuona mguu ule angekuwa upande wa papa, na siombi msamaha kwa mtu.

Rufaa iliandikwa siku hiyo hiyo. Karani alilifunga faili letu kwa kamba ya katani, akalibeba kwapani. Watu walisema "juu", lakini mahakama ya rufaa haikuwa ghorofani, ilikuwa jengo lingine kabisa, upande mwingine wa mji. Papa alisimama barabarani akalisindikiza faili kwa macho mpaka karani akakata kona. Alirudi nyumbani amefurahi, na usiku ule alikula.

Mwezi ulipofika tulirudi mahakama ya chini, kwa kuwa tarehe ni tarehe. Kesi yetu ikatajwa. Karani akasema, "Faili liko juu." Jaji alimtazama wakili wetu kwa muda, juu ya miwani yake, kama mtu anayetaka kusema kitu akaghairi, kisha akaita kesi nyingine. Tulirudi tena baadaye. Faili liko juu. Nilizoea neno hilo hata nikawa naliota. Wakili alikwenda kila juma mahakama ya rufaa kuuliza tutasikilizwa lini, na kila juma walimjibu kwa heshima kwamba faili limeshapokelewa.

Mvua zikaja. Mto ukajaa, papa na wenzake wakapandisha mitego. Kila nilipopeleka sufuria nilimtazama mdogo wangu miguuni kabla ya kumtazama usoni. Kwanza alitoka amebebwa. Kisha akatoka na fimbo. Kisha siku moja alitoka bila kushikwa na mtu, anachechemea, uso umejaa furaha.

"Yaya, haiumi tena!"

Nilimwambia asifiwe Mungu. Nikafunua sufuria kwa haraka ili nisimwangalie. Kutoumwa kule kulinitisha kuliko maumivu yote ya mwanzo, kwa sababu maana yake mfupa umemaliza kazi yake bila kungoja jaji yeyote. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo ulitazama nje. Nilipomweleza papa kwamba mtoto anatembea, aliniuliza anatembea vipi. Nikamwonyesha pale uani. Akaniambia basi, inatosha.

Hatimaye mahakama ya rufaa ilitusikiliza. Majaji watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye mafua, anayejipangusa pua kwa leso iliyokunjwa vizuri. Wakili wetu alisema vizuri kuliko siku zote. Jaji yule alimwuliza swali, akimwita citoyen, yaani mwananchi, kama chama kilivyotaka, na nitakuwa mwongo nikisema lilikuwa swali la kijinga.

"Citoyen Maître, jaji wa chini ameufunga mlango, au hajaufungua bado?"

"Kwa mfupa, Citoyen Président," wakili alijibu, "mlango ambao haujafunguliwa bado umefungwa."

Nilimfasiria papa, papa akampiga wakili mgongoni, katikati ya mahakama, kama anampongeza mcheza mpira. Jaji akatabasamu ndani ya leso yake. Nilitoka pale nikiamini tumeshinda.

Uamuzi ulisomwa majuma kadhaa baadaye. Rufaa haikupokelewa. Walisema kwamba jaji wa chini hakulikataa ombi la daktari, aliliahirisha tu. Kwamba hasara ya mguu, kama ipo, inatoka kwenye gogo na kwenye gereza, haitoki kwenye uamuzi wake. Kwamba wahusika watakuwa na haki yao yote ya kukata rufaa siku hukumu ya mwisho itakapotolewa. Faili lirudishwe.

Wakili alinipa nakala nikaisoma nyumbani. Nilitafuta kosa ndani yake jinsi ninavyotafuta kwenye imla ya mtoto mtukutu, kwa kalamu nyekundu mkononi, nikiomba nilipate. Sikulipata. Ilikuwa fupi, imeandikwa vizuri, na kila sentensi ilikaa mahali pake. Hilo ndilo lililonikasirisha hasa. Kama wangekuwa wamehongwa ningewatukana nikapumzika. Sheria ile ni nzuri, hata leo nasema hivyo, inazuia watu kugeuza kila kikwazo kuwa kesi mpya. Ni nzuri kwa shamba, kwa nyumba, kwa deni, kwa vitu vinavyoweza kungoja vikabaki jinsi vilivyokuwa.

Papa nilimwambia tu kwamba faili linarudi chini. Aliuliza kama jaji mkubwa alilisoma. Nikasema alilisoma lote. Akaridhika. Kwake, kazi ya mkubwa ni kusoma na kumrudishia mdogo wake maneno, na yule mdogo anajua mwenyewe la kufanya.

Faili lilirudi kwa mwendo wa konokono. Lilipofika, kikao kikapangwa, na safari hii gari la gereza lilikuwa na mafuta. Mdogo wangu aliletwa na mlinzi mmoja. Aliingia akichechemea, na papa, ambaye alikuwa hajamwona akitembea, alimtazama tangu mlangoni mpaka kwenye benchi bila kupepesa.

Jaji wa miwani ya uzi alimwuliza wakili wa Serikali kama majibu yake yako tayari. Yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari tangu mwezi ule wa kwanza, alisema, ila faili halikuwepo. Jaji akayapokea, akayapitia kidogo, akasema anaamuru mfungwa apelekwe hospitali leo leo, aonwe na daktari. Haikuchukua muda hata wa kumenya ndizi.

Kisha akavua miwani. Alimwambia wakili wetu, kwa Kifaransa, bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza njia:

"Maître, amri hii ningeitoa kwenye kikao kile cha pili. Nilichongoja ni majibu ya Serikali tu, ili wasije wakaipinga baadaye. Lakini mlikuwa mmelipeleka faili juu."

Wakili aliinamisha kichwa. Miezi yote ile, mvua zote zile, sufuria zote zile, na daktari alikuwa mwezi mmoja mbele yetu, anatungoja, na sisi tukamkimbia kwa kwenda kumtafuta.

Papa akanivuta mkono wa gauni.

"Anasema je?"

"Anasema aende kwa daktari. Leo."

"Ni ile tu? Alisema maneno mingi."

"Ni ile tu, papa."

Uso wake ukafunguka wote. "Umeona? Bale ba juu balimugombeza!" Akanipiga paja kwa furaha. "Nilisema je? Nilisema je?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele yetu. Alikuwa amefika sekondari, Kifaransa alikijua kuliko mimi, na alikuwa amesikia kila neno. Aligeuka. Niliona mshipa wa paji la uso wake umesimama, mshipa ule ule ninaoujua, ambao ukisimama lazima kitu kivunjike. Alimtazama papa kwa muda mrefu. Papa alikuwa bado anacheka, mikono ya abakosi ya kuazima imemfunika vidole. Mdogo wangu akageuka tena mbele, akamwomba mlinzi sigara, akaambiwa hapa hawavuti.

Tulikwenda hospitali wote wanne, papa, mimi, yeye na mlinzi wake. Daktari alikuwa mzungu aliyefika Kisangani mwaka ule, kijana mwenye jasho jingi, hajui Kiswahili wala Lingala. Alimpima, akampiga picha ya mfupa, akaiinua dirishani ili aione kwa mwanga wa jua. Papa alisimama nyuma yake akiitazama picha ile kwa heshima kubwa, kofia mkononi.

Daktari alisema na mimi kwa Kifaransa, kwa sababu nilikuwa mwalimu. Mfupa umejiunga vibaya, alisema, na umejiunga kabisa. Kuuvunja upya kwa vifaa alivyo navyo pale ni hatari, mguu wote unaweza kupotea. Atatembea, lakini kazi ya kupanda na kusimama juu ya miti aisahau. Kisha akaniuliza, na nilisikia kwamba amekasirika kwa niaba yetu, kwa nini tulichelewa namna hii. Angeletwa mwezi wa kwanza baada ya kuumia, hata wa pili, ingekuwa kazi ndogo.

Niligeuka nimtazame papa.

"Monganga anasema je?" papa aliuliza.

Nilifungua mdomo, na kabla sijapata neno mdogo wangu alisema kutoka pale kitandani alipokaa, suruali imekunjwa juu ya goti. Alisema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akimtazama papa machoni.

"Anasema mufupa iko nguvu, papa. Anasema mulinileta kwa wakati. Mungechelewa, bangeukata."

Papa aliweka kofia yake mezani. Akamwendea daktari, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akautikisa tena, akisema merci, merci, docteur, na daktari, ambaye hakuelewa anashukuriwa nini, akamwachia mkono wake autikise.